Poda ya Chuo Kikuu

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo limebandikwa ofisi ya mji! Serikali imeipa kampuni kazi ya kutengeneza barabara ya Baraka hadi Fizi. Anatafutwa kapita wa kusimamia vibarua. Nafasi yangu hiyo! Sauti ninayo, tumbo la bosi ninalo. Sharti moja tu: diploma ya chuo kikuu. Mimi sekondari yenyewe sikumaliza.

Mke wangu Adolphine amesema nikikosa hii pia, nitakwenda Swima kuvua na baba yake. Ziwani! Mimi hata kwenye beseni natapika.

Jumatano, 5 Juni

Mpango umepatikana. Hapa kwetu nani anasoma diploma? Watu wanaangalia poda tu, ile anayomwagiwa kila aliyefaulu mtihani. Nimewaaga majirani, nimesema nakwenda Uvira kuchukua matokeo ya chuo kikuu. Karatasi, nitasema, bado ziko njiani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi mweupe kichwa hadi viatu! Nilijipaka poda ya mtoto, ilipoisha nikaongeza unga wa muhogo. Filimbi, vigelegele, nimebebwa hadi sokoni. Jirani yangu Anatole, aliyeishia darasa la tano, amenimwagia kopo zima huku machozi yakimtoka. Wivu mtupu. Au poda ilimwingia machoni.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa! Tangazo jipya: diploma haitakiwi tena. Injinia Wilfried wa kampuni amesema wenye diploma huikimbia kazi ya vumbi, sasa anachukua wasio nayo. Nimemkimbilia, nimemweleza ukweli wote: chuo kikuu sijawahi kukikanyaga!

Akawauliza watu waliokuwa kwenye foleni. Wamekasirika kweli. Mama Félicité, muuza samaki wa ndagala, akapaza sauti: "Asikudanganye, patron! Huyu iko licencié wa université, siye benyewe tulimumwangia poudre!" Anatole akaongeza kwamba mimi ni mnyenyekevu tu, na jana hata mchungaji alinitolea shukrani kanisani. Wilfried amenipa mkono, akanisifu kwa unyenyekevu.

Ukapita amepewa Anatole. Nina hasira hadi nimeshindwa kula.

Alhamisi, 13 Juni, Swima

Nimetapika kabla mtumbwi haujasukumwa majini. Baba mkwe ananiita Profesa, kisha ananipa nyavu nibebe.

Lakini redio imesema serikali itajenga gati Ubwari, na kwenye kazi watatangulizwa waliofiwa na mume au mke. Nafasi yangu hiyo! Nimenyoa kipara. Shati jeusi nimeazima. Imebaki kumweleza Adolphine kwamba amekufa.