Dakika Kumi na Tano za Saa ya Ukumbini

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu wa darasa la sita kaleta barua kutoka shuleni. Mkutano wa wazazi na walimu ni Ijumaa, saa kumi kamili alasiri. Atachaguliwa mwenyekiti mpya wa kamati ya wazazi. Na kabla ya yote, yeye atasoma insha yake mbele ya watu, kwa kuwa ndiyo iliyoshinda darasa zima. Akauliza kama nitakuja. Mama yake yuko zamu hospitalini siku hiyo na hana wa kumshikia. Kwa hiyo ni mimi au hakuna mtu.

Nikasema nitakuja. Akauliza tena. Nikasema nitakuja, niseme mara ngapi? Mke wangu akaacha kukunja nguo, akanikumbusha kwamba mwaka jana nilisema hivyo hivyo, na mwaka juzi pia. Kweli. Lakini mwaka jana kulikuwa na wateja.

Baadaye nimewaza sana kibandani. Niende nikakae kwenye benchi kama mzazi yeyote? Mimi, fundi saa wa miaka kumi na tisa? Hapana. Ijumaa binti yangu atanikuta meza kuu. Nagombea uenyekiti!

Jumanne, 4 Juni

Kuna kizingiti. Mama Mapacha naye anagombea. Huyu ni mshonaji wa sare za shule. Hakuna mtoto ambaye hajapimwa mabega na utepe wake, na hakuna mzazi asiyemjua. Fundi viatu, jirani yangu wa kibanda, anasema hata yeye atampigia kura. Ananiambia hayo usoni, huku kashika nyundo aliyoazima kwangu.

Nimefanya upelelezi. Mkutano una sheria moja isiyovunjwa. Mlango hufungwa saa kumi kamili kwa saa ya ukumbini, wala si kwa saa ya mtu. Aliyechelewa hubaki uani. Hapigi kura wala hapigiwi. Na Mama Mapacha hufunga duka saa kumi kasorobo kila siku, hata inyeshe mawe. Nimetembea mwenyewe kutoka dukani kwake hadi shuleni, saa mkononi. Dakika nane. Atafika zikiwa zimebaki saba.

Yaani, kama saa ya ukumbini iko sahihi.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda shuleni kujitolea kuikagua saa ya ukumbi. Bure kabisa. Mwalimu wa zamu alifurahi mpaka akanishikia ngazi. Yeye mwenyewe hana saa. Yake iko kibandani kwangu tangu Machi.

Saa ile ni nzima, ilihitaji kufutwa vumbi tu. Nikaifungua, nikaguna, nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, nikaifunga. Nikaisogeza mbele dakika kumi na tano. Nikatamka kwamba sasa iko sawa. Mwalimu akanishukuru kwa mikono miwili, akaufunga ukumbi kwa kufuli mpaka siku ya mkutano.

Dhamiri ilinisumbua hadi getini.

Alhamisi, 6 Juni

Binti anafanya mazoezi ya kusoma chumbani, mlango umefungwa. Nikabisha nisikie kidogo. Akasema nisubiri kesho. Akafungua mlango kiasi cha uso wake tu, akanieleza kwamba kiti changu ni safu ya tatu, upande wa kulia, karibu na dirisha. Akiingiwa na woga atatazama pale. Nikamwambia atazame meza kuu. Akasema safu ya tatu, akafunga mlango.

Nimeandika hotuba ya ushindi, kurasa nne. Nimenyoosha shati. Hesabu ni rahisi: mlango utafungwa saa kumi kasorobo ya kweli. Mimi nitafika dakika tano kabla. Mama Mapacha atakuwa ndio kwanza anafunga duka.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa!

Nimefika uani saa kumi kasoro dakika ishirini, kama nilivyopanga. Mlango umefungwa! Nikachungulia kwenye kioo. Saa ya ukumbini inasema saa kumi na dakika tano. Nikadhani naota.

Uani tulikuwa wazazi kama thelathini, fundi viatu akiwemo. Ndiye aliyenieleza. Kila mwaka, mchana wa siku ya mkutano, mwalimu wa zamu huisogeza saa mbele dakika kumi, kwa sababu wazazi ni wachelewaji. Ni desturi ya shule. Kila mzazi anaijua na hujipanga hivyo. Ila leo hesabu imewakataa wote. Akaniuliza kwani mimi sikujua jambo hilo, miaka sita nina mtoto hapa?

Kumi zake, kumi na tano zangu. Dakika ishirini na tano!

Na Mama Mapacha? Ndani. Yuko ndani tangu saa nane, anapanga viti. Siku ya mkutano huwa hafungui duka mchana. Hilo nalo kila mtu analijua.

Watu wakatoa simu, wakalinganisha, wakaanza kufoka. Mwalimu wa zamu akatokea mlango wa pembeni, akajitetea kwamba hakuwa na haja ya kuilinganisha saa na kitu chochote, maana Jumatano iliwekwa sawa na fundi. Tena fundi mwenyewe yule pale.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na njia mbili tu: nionekane mlaghai, au nionekane fundi mbovu. Nikachagua ubovu. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba mkono wangu uliteleza, na kwamba saa za aina ile sizimudu. Miaka kumi na tisa! Muuza mboga akanidai saa yake palepale, akasema ataipeleka kwingine.

Nilikuwa bado najieleza niliposikia sauti ya mtoto ikisoma ndani. Niliijua sauti ile. Nikawaomba watu wanyamaze. Hawakunyamaza, maana waliyekuwa wanamfokea ni mimi. Sikuambulia hata neno moja. Kisha makofi.

Mama Mapacha kashinda. Hakuwa na mpinzani ukumbini.

Binti alitoka ameikunja karatasi yake ikawa ndogo kama stempu. Nikamwambia saa ilikosea, mkono wa baba uliteleza.

Akasema, "Hukukosea, baba. Wewe hukosei saa."

Akatangulia mbele yangu njia nzima hadi nyumbani. Nilimbebea mkoba. Hakuniomba.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu ameikunjua karatasi, akanisomea nikiwa mezani. Insha inaitwa "Kazi ya Baba Yangu". Inasema baba hurekebisha saa za watu wengi, na saa zake haziongopi. Inasema: "Baba yangu akisema atakuja saa kumi, basi ni saa kumi. Leo amekaa safu ya tatu, karibu na dirisha."

Leo amekaa. Ameandika hivyo wiki nzima kabla.

Mke wangu akaiweka karatasi mbele yangu, akarudi kukunja nguo. Angenilaumu, ningejitetea. Nimeona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilikwenda kibandani nikalia kidogo nyuma ya kabati la saa. Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Nimeapa. Mambo ya kamati basi. Nimechana hotuba, kurasa zote nne.

Jumatatu, 10 Juni

Mama Mapacha amepita kibandani. Hakugusia saa hata kidogo. Alisema tu kwamba wazazi tuliobaki nje tumefikiriwa: Ijumaa saa nne asubuhi darasa la sita watasoma insha zao upya, darasani kwao. Nikamshukuru. Mtu mwema, sikatai.

Binti naye kazungumza nami, mara ya kwanza tangu siku ile. Amemwomba mwalimu wake asome wa mwisho, ili hata nikichelewa nimkute. Nikambusu kichwani. Akaniacha nimbusu.

Wakati anaondoka, Mama Mapacha alidokeza pia kwamba Ijumaa hiyohiyo saa tano utapigiwa kura ukatibu wa kamati, kwa sababu wengi hatukupiga kura. Katibu! Katibu ndiye anayeandika kila kitu. Naye hukaa meza kuu.

Sasa, walimu wote hunywa chai saa nne na nusu, chumba kimoja, na wote wana kura. Binti ni wa mwisho kusoma. Ana akili ya baba yake, amenipatia nafasi! Nitakaa safu ya tatu mwanzoni, anione, kisha nichomoke mara moja kuomba kura, nirudi zamu yake ikifika. Tatizo ni moja tu: kipindi kisije kikaisha kabla sijarudi.

Mwalimu wa zamu amenikataza kugusa saa ya ukumbini. Ya ukumbini. Darasa la sita wana yao, ndogo, ukutani karibu na dirisha. Alhamisi nitapita pale na bisibisi. Dakika saba nyuma zinatosha. Saba si kumi na tano.

Nimeanza kuandika hotuba.