Kiporo cha Radi Kavu

Jumatatu, 3 Machi
Kiporo kimetoka! Nyimbo kumi zilizoachwa nje tulipotoa albamu yetu ya kwanza. Walioziacha ni wenzangu, si mimi. Mimi ndiye niliyezifufua, kwa kuwa zote kumi naimba mimi. Kidole, mpiga gitaa wetu, kanuna. Kasema Wembe akituponda, maikrofoni naikabidhi. Wembe ni mhakiki wa gazeti; bendi za roki anazinyoa bila maji. Mpiga ngoma kaunga mkono. Nikaapa mbele yao huku nacheka. Radi Kavu bila mimi? Kelele za bati tu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleka gazetini barua tatu za wasomaji. Nimeziandika mwenyewe. Ya kwanza ni ya mama wa watoto sita: kamsikia mwimbaji, kalia mpaka kaunguza chakula. Ya pili ya daktari: sauti ile inashusha homa. Ya tatu ya mstaafu, anauliza kama mwimbaji ana mchumba, maana yeye ana wajukuu. Kichwa hiki! Shule niliiacha mapema kwa kuwaonea huruma walimu.

Alhamisi, 6 Machi
Kasheshe. Wembe kapiga simu. Kauliza kwa upole inakuwaje mama, daktari na mstaafu wanatumia kalamu moja ya kijani. Nikamjibu huenda ni ndugu. Akacheka sana. Kasema, haya bwana mdogo, sasa nitakisikiliza Kiporo chenu kwa makini zaidi. Makini zaidi! Si ushindi huo? Kidole sijamwambia. Ana kijicho.

Jumamosi, 8 Machi
Uhakiki umetoka. Nyimbo tisa, kasema Wembe, zilistahili kubaki zilikokuwa, na mwimbaji anaimba kama mtu aliyebanwa vidole na mlango. Mlango upi? Ila wimbo wa sita ni dhahabu tupu, pale anapoingia mwanamke mwenye sauti ya ngurumo na kumtimua mwimbaji.

Shangazi! Tulirekodi kwenye chumba chake cha kushonea, maana vitambaa vinavyoning'inia vinaua mwangwi. Akaingia anafoka: "We mtoto! Toa makalio yako kwenye shela la bibi harusi wa watu!" Mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kumkata kwenye kanda. Lakini ningemkata yeye, ingekatika na sauti yangu ya juu kuliko zote. Nikamwacha. Nani alijua?

Jumapili, 9 Machi
Kikao kwa shangazi. Kidole kamwomba aje aimbe. Shangazi, pini mdomoni, kasema ana magauni manne ya harusi na hana muda wa utoto. Nikashusha pumzi. Kumbe hajamaliza! Kasema labda siku za Jumapili, mradi huyu mpwa wake ambebee cherehani, na asikalie kitu. Makofi.

Maikrofoni nimeikabidhi. Nimepewa kengele. Naigonga mara mbili kila wimbo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepekua sanduku la kanda. Kuna nyimbo kumi na moja zilizokataliwa hata na Kiporo! Zote naimba mimi. Wembe atajuta kuzaliwa na masikio mawili tu.

Na safari hii sifanyi utoto. Nimenunua kalamu tatu: nyekundu, nyeusi, bluu. Barua ya kwanza iko tayari. Imetoka kwa jaji. Anasema katika miaka thelathini ya kusikiliza watu, hajapata kusikia mpiga kengele kama yule.