Fuata Masufuria Makubwa

Jumanne, 8 Julai. Lushoto.
Baridi! Nimelala na koti na viatu. Shangazi Zakia, mwenye nyumba ya wageni, anataka mtu wa kudumu wa kuwapeleka wageni wake mahali pa kula. Tunaigombea kazi wawili: mimi niliyekulia Dar, na Edgar wa hapa hapa, ambaye hali kitu mpaka simu imwambie kina nyota ngapi. Shangazi kasema Jumamosi anakuja Mzee Kristian na mkewe, Mama Marta, kutoka Mwanza. Atakayewalisha mpaka waombe kuongezwa, kazi yake. Nikishindwa, narudi Dar kuuza vocha juani.
Edgar kaniuliza nyota zangu ziko wapi. Nimemwambia ziko puani.

Jumatano, 9 Julai.
Siri yangu: dereva wa lori hali chakula cha ovyo. Nimepanda bodaboda, nikalifuata Fuso la kabichi mpaka liliposimama. Nikaagiza chai na chapati kwa kujiamini. Kumbe dereva alikuwa anaziba pancha. Chai ilinuka gundi. Edgar akapita, akanipa pole, akanipiga na picha.

Alhamisi, 10 Julai.
Nimepapata! Njia ya Shume. Ukungu kila mahali, na ndani ya ukungu harufu ya maharage. Nikaifuata. Masufuria makubwa juu ya mafiga, watu tele wamekaa kwenye nyasi, majembe yao pembeni. Hakuna kibao, hakuna bei ukutani. Hakuna hata ukuta!
Nikamwamkia mpishi, Mama Mwanaheri. Akaitikia marahaba, akasema nimechelewa lakini nikae tu, mwanangu.
Makande. Mahindi yamepasuka kama maua. Mtindi wa baridi juu, mboga ya mchunga pembeni, chungu ya kukufumbisha jicho moja. Sikusema neno. Mimi! Kisha ukungu ukafunguka na nchi yote ikawa chini ya miguu yangu, mpaka tambarare za Mazinde. Nikadhani nimekufa, na nimepelekwa pazuri.
Sahani ya pili. Ya tatu. Nikauliza bei. Walicheka mpaka mmoja akamwaga mtindi. Mama Mwanaheri akasema hapa hela haifanyi kazi, shiba kwanza, utalipa.
Mtoto wa mjini hategwi hivyo. Nikasema naenda chooni, nikapotelea kwenye miti. Nyuma nasikia wananipigia kelele kwamba Jumamosi wapo tena, nilete na wenzangu. Ukarimu wa ajabu!

Jumamosi, 12 Julai.
Nimewaleta wageni. Edgar kajileta mwenyewe, kuangalia ninavyoanguka.
Mama Mwanaheri akanitambua kwa mbali. Akapaza sauti kwamba yule wa sahani tatu karudi, tena kaongeza nguvu kazi! Nikatiwa jembe mkononi.
Msaragambo. Kijiji kizima kinachimba mtaro wa bomba la maji, na chungu ni cha wanaochimba. Edgar kasema kila mtu milima hii analijua hilo. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza.
Nikasubiri wageni wakasirike. Mzee Kristian akavua koti! Mama Marta akanyakua sururu na kumwambia mumewe asimzibie njia. Watu wakaimba, mtaro ukashuka mlima kama nyoka, nikasimama nimeduwaa: sijawahi kuona watu wakiitengeneza njaa kwa mikono yao.
Baada ya kuduwaa, nikaenda chooni. Nikakaa huko mpaka majembe yaliponyamaza.
Nilipotoka, masufuria yalikuwa yanakwanguliwa. Wageni walikuwa wameongezwa, wakaongezwa tena. Aliyewapakulia, akiwa na udongo mpaka masikioni: Edgar.
Mama Mwanaheri akanitazama kwa huruma, akasema sufuria la kuosha lipo.

Jumapili, 13 Julai.
Kazi kapewa Edgar. Nimemkumbusha shangazi kwamba mahali pale nilipagundua mimi. Kasema ni kweli, na choo chake pia.
Kesho kutwa nisiwepo.

Jumatatu, 14 Julai.
Bado nina siku moja! Leo nimepapata penyewe, bonde la pili. Turubai, viti tele, masufuria makubwa kuliko yale. Nimekagua kwa makini: hakuna jembe hata moja. Akina mama wamejitanda kanga, wanaume wameinamisha vichwa, na hakuna anayeongea. Chakula gani hiki kinachonyamazisha umati wote!
Naingia. Nitaanza kwa kuomba pilipili.