Mizani ya Ndege ya Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu kaacha kazi ya gereji, kauza nyumba yake, kanunua ndege. Ndege! Viti tisa. Mimi mama yake kaniweka mlangoni mwa ukumbi kupima uzito wa abiria. Nikapanda mizani kwanza, niwaonyeshe mfano. Tisini na sita! Mama mkwe wake, yule ninayemwita Domo, akauliza kama nimemeza sanduku. Ukumbi mzima ukacheka.

Jumanne, 4 Machi
Mizani ni mbovu. Sijawahi kufika tisini na sita, hata nilipokuwa na mimba ya huyo huyo mwenye ndege. Pembeni ina skrubu ndogo. Nimeizungusha mpaka mshale ukarudi kumi na tano nyuma ya sifuri. Nikapanda tena: themanini na moja. Sasa inasema kweli.

Jumamosi, 15 Machi
Siamini macho yangu. Ndege inajaa kila siku! Wanawake wanashuka mizani wakitabasamu, kesho wanarudi na dada zao. Fundi cherehani kasafiri mara tatu, sijui anafuata nini huko. Mwanangu anadhani ni nauli nafuu. Nimemwacha adhani. Rubani analalamika ndege inachelewa kunyanyuka. Nimemwambia apunguze kula.

Jumatano, 19 Machi
Yarabi! Ndege imekimbia, imekimbia, njia ikaisha, haijaruka. Ikang'oa uzio wa uwanja, ikalala kwenye nyasi pua chini, bawa limevunjika. Hakuna aliyeumia, ila Domo kapoteza kiatu na bado anakidai. Mkaguzi akaja na mizani yake. Abiria tisa, kilo mia na thelathini na tano za ziada. Leseni akaichukua palepale.

Mwanangu akanikalisha. Akauliza taratibu, "Mama, uliigusa ile mizani?"

"Niliwapunguzia watu aibu," nikamwambia. "Uzito wamekuja nao wenyewe."

Akatoka, akasimama mvuani. Mtoto nimzae mwenyewe, anipe mgongo!

Ijumaa, 28 Machi
Kampuni imefungwa. Mwanangu yuko gereji, chini ya lori tangu asubuhi. Yeye, mkewe na Domo wanalala sebuleni kwangu. Bado nimeduwaa: kampuni nzima kufa kwa uzembe wa rubani! Nimempelekea mwanangu chai, nikamweleza atafute boti. Majini hakuna kuruka. Nimeshawaahidi viti wanawake ishirini. Jirani yangu seremala anasema boti za hapa hubeba watu kumi na wawili. Kazi yake vitanda huyo, atajua nini.