Vita vya Kupandisha Joto Ghorofani, Hyattsville

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, saa moja asubuhi, hita ya nyumba ilikohoa mara mbili ikakata roho. Tegeni masikio, enyi mlalao penye joto, niwasimulie mimi Gitau, mgane, simba niliyeishia darasa la nne, jinsi nilivyoupigania ufalme wa ghorofa mbili kwa jiko moja la kuni, huku wakubwa wa ofisi inayotupangisha nyumba wakiniambia nisubiri fundi.

Juu alilala Wairimu, mwezi mmoja tangu azaliwe, mjukuu aliyebeba jina la marehemu mke wangu. Ndiyo maana, kwa desturi yetu, namwita mke wangu, na sitaki mzaha. Mama yake, binti yangu Nyaguthii, akashika mkoba akatoa tamko.

"Baba, huko juu ni friji. Jioni ikifika hakujapata joto, tunahamia Beltsville kwa wakwe zangu."

"Mke wa kwanza alichukuliwa na Mungu," nikamjibu. "Huyu wa pili hachukuliwi na baridi."

"Basi fanya kitu. Hotuba haipashi nyumba."

Nikalilisha jiko magogo hadi likanguruma. Kisha nikatenda nilivyolelewa Kinangop, ambako baridi hufungiwa mlango kama mwizi: nikafunga kila chumba, nikatundika blanketi zito penye ngazi. Sebule ikawa Garissa kwa joto. Juu kukabaki Kinangop. Nikaling'oa blanketi, nikasimamisha feni chini ya ngazi, nikayaamuru majeshi ya joto yapande. Nayo yakagoma, yakaniangalia tu nikitoka jasho.

Ndipo akaingia Macaire, jirani yangu wa kutoka Bukavu, akacheka kwanza.

"Papa Gitau, unapiga vita na ndugu yako. Adui ni baridi, musukume ashuke. Moto ataona nafasi, atapanda ye mwenyewe."

Nikapanda, nikafungua milango yote, nikaiweka feni sakafuni juu kabisa ya ngazi, uso wake ukitazama chini. Baridi ikateremka ikinichapa vifundo vya miguu, ikaenda kufia kwenye jiko la kuni. Saa tisa Nyaguthii akamvua mtoto kofia. Saa kumi mke wangu akalipiga teke blanketi lake. Nguo alizokwisha kufungasha mama yake zikarudi kabatini. Andikeni, waandishi wa historia: Hyattsville haikuanguka.

Alhamisi mtu wa ofisi akaja, akanyoosha mkono hewani ghorofani kama anayebariki.

"Mzee, mbona hapa kuna joto? Huna shida wewe," akasema, akafuta jina langu kwenye orodha ya wanaongoja fundi.

Nikawapigia simu wakubwa wake, nikawauliza: ilibidi mtoto agande ndipo nihesabiwe nina baridi?