Sayari Niliyomjengea Cindy

Jumatatu, 10 Aprili 2006

Nimeanza kuandika kwa sababu hapa nyumbani hakuna wa kuambiwa. Baba Cindy akirudi kutoka kazini Nairobi anakula macho yakiwa yamefungwa tayari.

Leo nimedharauliwa. Na nini? Na katoni!

Wacha nieleze. Cindy wangu, wa form two, wa kwanza kwa hesabu (sijisifu, Kitengela nzima inajua, kwa sababu niliwaambia), amejiunga na kikundi cha mchezo wa vita. Si vita vya kweli. Vya mezani. Ni Mwalimu Omolo aliyewaletea, yule kijana wa fizikia. Unapanga vilima na nyumba juu ya meza, unaweka askari warefu kama kidole. Mwaka ni elfu tatu na ushee, mahali ni sayari nyingine. Unapima mwendo kwa futi ya fundi wa nguo, unarusha dadu, unaua. Nilienda kutazama mara moja. Nilishangilia mpaka nikaombwa niketi.

Vifaa vya dukani ni vya watu wa majuu. Watoto wetu wanajitengenezea. Na Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Mwalimu Omolo atachagua meza moja tu iende Kajiado mjini, siku ya vijana, mbele ya umati. Cindy anaitaka hiyo nafasi hata usingizini. Ni msichana peke yake pale. Wavulana walimwambia sayari awaachie wao, yeye ashike netiboli.

Sasa naingia sebuleni, nakuta nini? Trei za mayai. Pakiti za maziwa. Vifuniko vya soda. Nikauliza kama hiyo ni sayari ama ni jaa la soko. Akasema, "Mami, wacha tu. Ikipakwa rangi itaiva." Wacha tu! Mimi niliyemzaa Bungoma kwa siku mbili, mvua ikipiga mabati!

Hapo hapo akapita Mama Haibe. Ndiye Faysa, wa duka la jumla pale stage ya matatu. Jirani yangu, tunapendana sana. Akatazama trei. Akasema kwa upole kwamba Haibe wake, naye wa kikundi hicho hicho, ametumiwa askari wa plastiki na mjomba wake wa Minneapolis. Kwa upole! Upole wa wembe mpya.

Nimeapa. Sayari ya Cindy itajengwa na mama yake.

Jumatano, 12 Aprili

Milima imekufa.

Nilipata lile povu gumu jeupe, jepesi, linalozungushiwa TV mpya ndani ya boksi. Nilimwomba Faysa mwenyewe, nikamwambia ni la kuweka chini ya maua. Nikalichonga kwa kisu cha kukatia sukuma wiki. Jameni, milima! Kilele hapa, bonde pale. Hata mimi nilijiogopa.

Halafu nikapiga rangi ya spray, ile ya magari. Kwanza ikang'aa. Kisha mlima ukaanza kulia. Ukalegea. Ukajiinamia kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Kabla sijaita mtu, nilikuwa na sufuria ya uji mwekundu.

Nikampelekea lawama fundi wa magari aliyeniuzia. Akaniuliza kama mlima wangu ni Corolla ama ni Datsun. Mbele ya wateja!

Cindy alipotoka tuition akasema, eti kila mtu anajua ile rangi inakula hicho kitu. Basi mbona hakuniambia? Akasema ni kwa sababu sikumwambia ninachofanya. Angalia majibu ya watoto wa siku hizi.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Mahubiri yalikuwa juu ya unyenyekevu. Yalinigusa sana. Nilifikiria watu wengi yanaowahusu.

Wazo likanijia katikati ya yale maombi marefu. Kwa hivyo limetoka juu, lisilaumiwe mtu.

Mavi ya ng'ombe!

Kwani nyumba ya mama yangu ilikandikwa na nini? Na nani alikuwa bingwa wa kukandika pale kijijini, akichora maua kwa vidole mpaka wageni wanaogopa kukanyaga? Hata hapa Kajiado, akina mama wa Kimaasai wanainua nyumba nzima nayo, na mvua inapiga inachoka.

Nikaenda kwa Mama Sankale, ng'ambo ya reli. Tukaamkiana Kimaasai: Sopa. Epa. Nikamweleza nataka kujenga sayari. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa shuka. Lakini ni mama mzuri. Ng'ombe wake waliobaki baada ya kiangazi wameanza kula majani mabichi, akanijazia ndoo mavi ya daraja la kwanza kabisa.

Akaniambia nichanganye na jivu, tena jingi. Eti bila jivu wadudu watabaki ndani kama wapangaji. Jivu? Jivu litafanya sayari iwe ya kijivu! Yangu ni nyekundu, niko na udongo mwekundu wa kutosha. Nikamjibu kwa heshima kwamba hata Bungoma tunajua mavi. Akasema sawa, Bungoma.

Sijapenda alivyosema hiyo Bungoma.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili

Imekauka! Imekauka, na hakuna ufa hata mmoja!

Mashimo ya vimondo nilipiga kwa kikombe. Barabara nilivuta kwa kitana. Kilima cha katikati kina mapango matatu. Juu yake, udongo mwekundu uliochekechwa kwa chujio la chai. (Chai ya leo ilikuwa na mchanga kidogo. Baba Cindy hakuona.)

Cindy alisimama mlangoni. Akanusa. Nikangoja matusi. Akainama, akapitisha kidole kwenye bonde, polepole, kama mtu anayegusa shavu la mtoto. Akasema, "Mami, hii iko sawa kabisa."

Nilienda chooni nikalia. Hayo hayamhusu mtu.

Halafu akaleta jeshi lake. Sikuwa nimelitazama vizuri kumbe. Miili ni ya kalamu za biki zilizokatwa. Ngao ni mpira wa tyubu ya baiskeli. Helmeti ni ganda la vidonge vya antibiotiki, nusu nusu, na zimepakwa rangi yangu ya kucha iliyopotea tangu Februari. Kiongozi wao ana kanzu ya karatasi ya peremende ya dhahabu. Nikauliza jina lake. Kapteni Nalianya. Jina la mama yangu! Bibi aliyekandika nyumba, leo anaongoza vita sayari nyingine!

Baba Cindy aliuliza nini kinanuka. Nikamwambia ni siku zijazo.

Jumamosi, 22 Aprili

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Tulifika ukumbini mapema, mimi nimevaa kitenge cha harusi. Wavulana wakaziba pua. Haibe akaniamkia vizuri, akauliza, "Mathe, hii sayari imeshahamiwa na ng'ombe?" Wakacheka. Faysa akamkemea, lakini niliona kidevu chake kikitetemeka chini ya mtandio.

Meza ya Haibe nayo ilikuwa jiji la mabati na plastiki, safi kama kliniki. Mwalimu Omolo akasema Cindy na Haibe watacheza juu ya kila meza, kisha ataamua. Wakaanza na ya Cindy.

Mtoto wangu alikuwa anacheza! Anapima, anarusha, anaondoa askari wa Minneapolis wawili wawili. Mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, watu wamejaa, joto kama la jikoni. Ndipo kilima cha katikati kikasogea.

Kwa kweli kikasogea. Pango moja likabomoka, akatoka mdudu mweusi, wale wanaosukuma mavi kwa miguu ya nyuma. Mkubwa. Anang'aa. Akasimama juu ya kilima akatazama jeshi kama mwenye shamba.

Watu wakapiga nduru. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Kwa hivyo sikuelewa, na nitarudia mpaka kaburini kwamba hakuna aliyenielewesha, kuwa zile zilikuwa nduru za furaha! Mwalimu Omolo alitangaza huyo ni mnyama wa sayari, na askari yeyote atakayeangushwa naye amekufa. Cindy akacheka kicheko chake cha tumboni, akarudisha watu wake nyuma, mdudu akaelekea moja kwa moja kwa Haibe. Akaangusha mmoja. Akaangusha wa pili. Wavulana wale wale wa netiboli wamepanda viti, wanaita "Cindy! Cindy!" Mwalimu anasema tangu aanze mchezo huu hajawahi kuona meza iliyo hai.

Hayo yote nilisimuliwa baadaye. Wakati ule sikio langu lilishika sauti moja tu, ya Faysa: "Mama Cindy, mko na wadudu."

Wadudu! Mimi! Mbele za watu!

Nikavua kiatu.

Pigo lilikuwa moja. Mdudu alikufa. Kapteni Nalianya alikufa pia, alikuwa amejificha pale pale nyuma ya jiwe. Kilima kikapasuka katikati, wakatoka ndugu wote wa yule mdudu, na sasa watu wakapanda viti kwa sababu nyingine.

Meza ya Haibe ndiyo inaenda Kajiado.

Cindy hakulia. Aliokota kichwa cha Kapteni, akakitia mfukoni. Tukatembea mpaka mlangoni kwetu. Hapo akasema, "Mami, nakuomba kitu kimoja tu. Usinisaidie tena."

Namlaumu Mama Sankale kwa ng'ombe wake. Namlaumu Mwalimu kwa kufunga mlango. Namlaumu Faysa kwa macho yake. Kiatu hakina makosa.

Jumapili, 23 Aprili

Nimevuka reli kumkaripia Mama Sankale. Akaniuliza niliweka jivu kiasi gani. Nikamwuliza habari ya mvua.

Nimerudi nikamkuta Haibe kwenye kochi langu, anakunywa chai. Amekuja mwenyewe. Amemwambia Cindy kwamba meza yake ni safi lakini imekufa, na hataki kuipeleka Kajiado peke yake. Anataka Cindy aje na jeshi lake, wajenge vilima upya pamoja, majina yawe mawili. Uso wa Cindy! Kama mtu amewasha taa ya stima.

Nikamwongezea Haibe mkate. Kijana wa adabu. Nimesema hivyo siku zote.

Lakini watajenga wapi? Stoo ya nyuma ya duka la Faysa! Na leo hii nimepita hapo mara mbili, mara zote Faysa amepoteza ufunguo.

Jumanne, 25 Aprili

Nimeapishwa. Ndani ya nyumba yangu, kwa Biblia yangu! Kwamba sitagusa meza, sitagusa vilima, sitagusa askari hata kwa ukucha. Cindy ndiye aliyeniapisha. Faysa alikuwa shahidi, amekaa na kaimati zangu mapajani, anatikisa kichwa kwa huruma. Mwishoni akanishika mkono, akasema sote ni mama. Karibu nimsamehe.

Baadaye nilipanda kreti ya soda nikachungulia dirisha la stoo. Trei za mayai! Wamerudia trei za mayai! Kweli wamezipaka rangi, na kwa mbali ni kama miamba ya kule Ngong. Hiyo si hoja. Mama anatupwa, trei inakaribishwa!

Ijumaa, 28 Aprili

Kesho ni Kajiado. Wazazi wamealikwa. Cindy amenikumbusha kiapo asubuhi, mchana na jioni. Kwani mimi ni mtoto?

Nimefikiri sana wiki hii. Mimi si mtu wa kurudia makosa. Nimejiuliza, ni nini hasa kilichowapandisha watu viti? Si rangi. Si mabati. Ni mnyama! Kosa langu lilikuwa moja tu, mnyama alikuwa mdogo.

Ndugu yangu ametuletea jogoo kutoka Bungoma. Kifua kama cha bondia. Baba Cindy alikuwa ameshanoa kisu, nikamficha bafuni. Nimemvika ngao ya karatasi ile ya kung'aa ya kufunikia nyama, na kichwani kifuniko cha dawa ya meno kwa uzi. Amenidonoa mara mbili. Askari kabisa!

Atasafiri ndani ya kapu, chini ya chapati, mpaka ukumbini. Cindy bado hajui. Atafurahi mpaka ashindwe kuongea.

Na kiapo changu kiko palepale. Niliapa sitagusa meza, na sitaigusa. Jogoo ndiye ataigusa.