Malalamiko Kuhusu Koti Langu Kupewa Zawadi ya Kwanza

Mwanakwerekwe, Unguja
22 Oktoba

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi Mardhiya,

YAH: KOTI LANGU KUSHINDA SIKU YA MAVAZI, KIDATO CHA PILI

Assalamu alaykum. Mimi ni Mahfoudh Duni, baba yake Nadra wa Kidato cha Pili, na afisa katika idara moja ya serikali kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Naandika kwa adabu zote, ingawa tangu Alkhamisi adabu zenyewe nazishika kwa mikono miwili.

1. Sina ugomvi na Siku ya Mavazi. Watoto wa miaka kumi na minne wanaona haya kuvaa masikio ya sungura kama wadogo zao, kwa hiyo mlifanya vizuri kuwataka waje wakiwa watu wanaowaheshimu. Mimi mwenyewe nilimpa Nadra mawazo: rubani, hakimu, nahodha wa boti ya abiria. Bi Biasha, fundi wetu wa cherehani, alishamshonea hata shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani. Akayakataa yote. Akaniomba koti langu la ofisini, aje akiwa mimi. Sitaficha, machozi yalinilenga. Nililipiga pasi kwa mkono wangu.

2. Hakulivaa. Alilitundika kwenye kiti, mbele yake akaweka meza, faili lililofunguliwa, miwani juu ya faili na kikombe cha chai iliyonywewa nusu. Kisha akaenda zake kantini kula urojo. Waamuzi walipofika, Yussuf, kiranja wa darasa, aliwaambia kuwa mheshimiwa yupo, ametoka sasa hivi tu, wasubiri kidogo. Nimeambiwa walisubiri dakika ishirini. Mwamuzi mmoja, Bi Mwatima, alikaa kwenye benchi akatoa bahasha yake ya hati za kiwanja, kwa mazoea tu. Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo linalonishangaza.

3. Kazi yenyewe ilikuwa na makosa ya kitaalamu. Koti langu halitundikwi ovyo. Kiti huvishwa mabegani, mkono mmoja ukailalia meza kidogo, ili mtu aone mwenyewe ameinuka sasa hivi. Miwani ninayoiacha pale haina kioo cha kushoto. Ile nzima naihitaji huku niliko. Na chai si yangu, ni ya Wakil, mwenzangu wa meza ya pili, ambaye hulisogeza koti jua likiingia dirishani lisije likapauka. Naomba mzingatie: mtu asiyejali kazi angekuwa na utaratibu kama huu?

4. Watoto wengine wamedhulumiwa. Sumaiya alikuja akiwa shangazi yake, mkulima wa mwani wa Jambiani: kanga imeloa hadi kiunoni, gunia bichi kichwani, maji yanamchuruzika mpaka ukumbi mzima ukanuka pwani. Akawa wa pili. Junaid alikuja akiwa fundi bomba, na mfereji wa choo cha wavulana uliokuwa ukivuja tangu Ramadhani akautengeneza kweli. Akawa wa tatu. Wa kwanza akawa mtu ambaye hakuwepo! Mnawafundisha nini watoto wakubwa, kwamba anayetoka jasho apigiwe makofi na asiyekuwepo apewe cheo? Mambo hayo watayakuta wakishaajiriwa. Skuli si pahala pake.

5. Mgeni rasmi mliyemwalika ni mkurugenzi wangu. Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Asubuhi yake akashuka hadi chumba chetu, mara ya kwanza kwa miaka saba, akatazama viti. Haya nayasema kwa mujibu wa Wakil. Alikuta makoti manne na Wakil. Alhamdulillahi hakuweza kusema kitu, kwani na yeye alishuka bila la kwake. Lilikuwa juu, linafanya kazi. Lakini wenzangu hawanisemeshi tena, wanasema nimeanika siri za nyumba. Tangu siku hiyo nakwenda barazani saa tatu asubuhi na sipati wa kucheza naye bao.

6. Hili ndilo zito. Nilimkalisha Nadra nikamuuliza kwa nini amenidhihaki mbele za watu. Mtoto alishtuka. Akaniambia hakunidhihaki hata kidogo. Amekuja ofisini kwangu mara tatu, mara moja akiwa na homa, na kila mara alioneshwa lile koti akaambiwa kwa heshima kuwa nipo. Akaona watu wazima, wake kwa waume, wamekaa wanalitazama wala hawanyanyui sauti. Akajua baba yake ni mkubwa kweli. Mwalimu, bora angenidhihaki. Dhihaka ningemkemea, yakesha. Heshima hii sijui niifanye nini, na imeniuma kuliko kicheko cha mkurugenzi.

Kwa hayo, naomba: (a) kamusi aliyozawadiwa Nadra irudishwe, apewe Sumaiya, (b) kuanzia mwakani kila vazi liwe na mtu ndani yake, (c) lisomwe tangazo mbele ya wanafunzi wote kwamba Mahfoudh Duni ni mtumishi hodari, na mwenye shaka aje ofisini ajionee kwa macho yake.

Nisalimie walimu wote, mama wa kantini, na Bi Mwatima, umwambie faili lake linashughulikiwa. Junaid naye nisalimie sana. Bomba letu la jikoni pia linavuja.

Wako, niliye kazini muda wote,
Mahfoudh Duni
Afisa

Tanbihi: Nilipokuwa nikimsomea mama yake barua hii, Nadra alikisikia kifungu (c) akafurahi mno. Leo atakuomba ruhusa ya Jumatatu, aje akae nami ofisini kutwa nzima anitazame nikifanya kazi. Bi Mardhiya, nakuomba kama dada yangu wa damu: mkatalie. Mpe mtihani, mpe ufagio, mpe na zawadi nyengine ukitaka, lakini Jumatatu asije.